Mstari Niliotumwa Nao kwa Buya

Akina mama wa ushirika wa Jumatano, mmenichosha. Tangu nirudi sijafua hata kanga moja, na kila anayepita mlangoni kwangu anauliza yale yale: ulifika? ulisema? alikubali? Nimekuwa nikijibu vipande vipande, na sasa nasikia vipande vimekutana sokoni vikazaa habari ambazo mimi mwenyewe sizijui. Eti niliuza kitambaa changu cha kichwa nikanunua maziwa. Eti nilimtibu mgonjwa Garsen. Hilo la pili lina ukweli kidogo, nitalieleza. Naandika yote mara moja, msome kwa zamu, mniache nishone nguo za watu.

Kwa wale waliojiunga nasi juzi: Buya ni mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea mgongoni. Ni mzee wa kanisa upande wa Tarasaa na mkulima wa migomba na maembe kando ya mto. Mvua zilizopita, Tana ilifanya kile inachofanya ikichoka kulala upande mmoja: ilihama. Ilijikatia njia mpya katikati ya shamba lake, ikabeba migomba yote, ikazamisha miembe aliyoipanda marehemu baba, na kipande kilichosalia kikabaki ng'ambo, kwa nyani. Sisi watu wa mto tunajua kwamba mto huhama, ila tumezoea uhamie kwenye shamba la mtu mwingine. Buya alikwenda akatazama, akarudi nyumbani, akaacha kanisa. Kisha tukasikia amepata kazi ya ulinzi Malindi, na mwisho wa wiki anaondoka, mke na watoto watafuata. Akitoka yeye, hakuna tena mtu wetu atakayebaki pale. Kaburi la mama litafagiliwa na upepo.

Nanyi ndio mlionituma, msijifanye mmesahau. Mlisema dawa ya Buya ni mstari mmoja tu, ule wa Paulo kwa Warumi, kwamba kwa wampendao Mungu mambo yote hatimaye huelekea kwenye mema. Mwenyekiti akanivisha sare ya ushirika, gauni jeupe na kitambaa cheupe, akaniambia nikifika nisizunguke, niuseme tu na kazi itakuwa imekwisha. Mwenyekiti shamba lake liko palipoinuka.

Hola hadi Kinakomba

Nilipata lifti kwenye lori lililokuwa likirudi Garsen na kreti tupu za soda. Dereva alikuwa kijana wa Hola, mpole, mwenye kutafuna miraa kama mbuzi aliyeachiwa ua la jirani. Hatujafika mbali, gurudumu la nyuma likapasuka. Kijana alishuka, akalizunguka lori, akaketi kwenye vumbi na kushika kichwa, maana la akiba nalo lilikuwa na kidonda.

Nikaona Mungu amenipa mahali pa kufanyia mazoezi. Nilijitengeneza kitambaa, nikamwambia, "Mwanangu, usikate tamaa. Huenda Mungu ana makusudi na pancha hii."

Aliniangalia kwa heshima zote. "Sawa, mathe," akasema. "Basi mwambie akuje ashikilie jeki."

Nilingoja kidogo nione kama kuna mwingine wa kuishikilia, kisha nikaishikilia mimi, naye akalifunga lile lile lenye kidonda. Gauni likapata mafuta kabla hata hatujaiacha Hola vizuri. Mwenyekiti, hilo doa ndilo hilo uliloniuliza.

Kinakomba tulimpakia Bwana Jillo, mkulima wa kando ya mto kama sisi, ila yeye ni Mwislamu wa huko juu. Alikuwa na magunia ya maembe na mdomo usiopumzika. Aliponiona na sare akaniita "mama mchungaji", nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Akasema ni sawa, wote wanashona, na akaendelea kuniita mama mchungaji hadi mwisho wa safari. Alinimenyea maembe moja baada ya jingine, na kila nilipokataa alidhani naona haya, akaongeza. Tulipofika kwenye maji nilikuwa nimejaa kiasi kwamba sikuweza kuinama.

Maji ya barabarani

Naam, maji. Mbele yetu barabara ilishuka polepole ikaingia ndani ya ziwa ambalo halikuwapo mwezi uliopita. Lori haliwezi kupita, watu huvushwa kwa mashua ya injini, na mashua ilikuwa imekwenda upande wa pili kutafuta petroli. Itarudi lini? "Sasa hivi," wakatuambia. Mnaijua sasa hivi ya Tana. Jua lilitoka utosini, likaanza kuteremka, nasi tuko pale pale tunaangalia nguzo za simu zilizosimama majini.

Aliyeumia zaidi kuliko wote alikuwa Hawa, mama wa Kiorma mwenye madumu ya maziwa ya kuuza Garsen. Kila baada ya muda alifungua dumu, akanusa, akafunga, na kuyatukana maji kwa Kiorma. Nilimhurumia kweli. Nikaona pia kwamba hapa pana msiba hasa, si pancha, na wasikilizaji wako wengi na hawana pa kukimbilia. Nikaanza na Yusufu, kwa kuwa yeye ni wa wote.

"Mama Hawa," nikasema, "kulikuwa na kijana aliyeitwa Yusufu..."

"Yusufu mimi najua," akanikata. "Wewe nataka kufundisha mimi Yusufu?"

Niliendelea hivyo hivyo. Nikasema ndugu zake walimwuza, wakachovya kanzu yake kwenye damu ya mbuzi, wakampelekea baba, na baba akaamini mnyama mkali amemla mtoto.

"Hakuamini," akasema Bwana Jillo kutoka juu ya magunia.

"Aliamini. Imeandikwa."

"Mama mchungaji, kanzu haikuwa na tundu hata moja. Nabii Yaakubu aliigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akawauliza: mbwa mwitu gani huyu mwenye adabu, amemla mwanangu mzima na nguo hakuirarua?"

Hapo wasafiri wote wakaamka. Kumbe tulikuwa na kesi. Mwalimu mmoja Mkristo wa Wenje, badala ya kunisaidia, alisema kwamba akifikiri vizuri, la mbwa mwitu mwenye adabu lina mantiki. Mwingine, Mwislamu, akasema baba akiwa na uchungu hakagui nguo, hapo mama wa sare ana haki. Tuligombana juu ya kanzu ile kama watu waliokuwapo inachovywa. Maembe yakagawiwa kwa mashahidi wa pande zote mbili.

Nilipoona tumechangamka nikawavuta mahali nilipotaka. Nikasema, tuache kanzu. Mwishowe Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, lakini Mungu alikusudia mema, ili watu wengi wapone njaa. Kweli au si kweli? Wote wakaitikia kwamba Mungu ndiye apangaye. Nilijiona nimeshinda.

Hawa akafunga dumu lake. "Mimi nauliza wewe. Hiyo maneno nani nasema?"

"Yusufu."

"Yusufu mwenyewe, ile natupwa kwa shimo?"

"Huyo huyo."

"Nasema akiwa ndani ya shimo?"

"Hapana. Alisema baadaye, akiwa mkubwa Misri."

"Haya. Na mzee wake huko nyumbani, nalia mpaka macho nakufa, nani naenda kumwambia Mungu iko na mpango?"

Nilitafuta kichwani. Mnajua Mwanzo naifahamu, nimeifundisha watoto wa Jumapili miaka mingi. Nikakumbuka wanawe wote walimwendea kumfariji, naye akakataa kufarijiwa. Nikalisema hilo, na ndipo nilipojikwaa, maana Bwana Jillo alianza kucheka hadi akashuka kwenye magunia.

"Mama mchungaji! Wafariji wenyewe si ndio waliomuuza?"

Watu walicheka hadi ng'ombe waliokuwa wakinywa kando yetu wakainua vichwa. Nami nilikasirika, nisiwafiche. Ningefurahi kama wangekuwa wamekosea. Nilimwona yule mzee amekaa, na watu waliomzunguka wakimpa pole, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na haki ya kumweleza makusudi ya Mungu. Yusufu alisema maneno yale mwenyewe, juu ya shimo lake mwenyewe, alipokuwa tayari kuyasema. Mimi nilikuwa nimeyakunja nikiyapeleka kwa mtu mwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa naenda kwa Buya kumsifia godoro.

Hawa alikuwa amenusa tena. Maziwa yalikuwa yamekwisha chacha. Hakulia. Alitafuta kikombe, akamimina, akaanza kuwagawia watu wote, dereva, mwalimu, Bwana Jillo, na mimi. "Kunywa," akaniambia. "Nikibeba, natupa. Wewe nachoka na maneno." Nilikunywa juu ya maembe yale yote, na tumbo langu likaanza mazungumzo yake lenyewe. Mashua ilipofika, nilimsaidia kubeba madumu matupu hadi majini. Hakunishukuru, alisema tu nisiloweshe viatu.

Garsen

Garsen niliingia nimelowa magotini, nina njaa na sina hamu ya kula, kama mnavyoweza kuelewa. Waendesha boda walikataa kuondoka mpaka mvua ipungue, nikakaa kwenye mkahawa mmoja kusubiri. Mwenye mkahawa alikuwa mtu wa Kipini, mweupe wa ndevu, mwenye Kiswahili cha kuteleza hadi unaona aibu kufungua mdomo wako. Alinitazama kuanzia kitambaani hadi viatuni, akaleta chai ambayo sikuiagiza, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuleta. Tafadhali, nyuma huku kidogo, kwa mama mkwe."

Nilidhani kuna mtu anayetaka maombi. Nikajiambia, haya, safari hii nitakuwa mwangalifu. Nyuma nilimkuta Bi Mwanaidi, bibi mfupi, amekaa kitandani na mguu mmoja ameuweka juu ya mto. Nilimuuliza shida ilimwanza lini. Alinieleza mafuriko yaliyomhamisha, nyumba iliyoanguka, mpunga ulioozea shambani, wajukuu waliotawanyika kwa jamaa. Nilikuwa nimejiapiza nisiuseme mstari, lakini bibi alinishika mkono kwa namna ambayo niliuachia polepole, kama unavyomwachia mtoto peremende. Nikamwambia Mungu ana makusudi yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Na goti?"

Ndipo nilipolitazama gauni langu jeupe na kitambaa changu cheupe, nikaelewa. Walidhani mimi ni muuguzi. Nilifungua mdomo kukiri, lakini mkwewe alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya mafuta ya simsim mkononi na matumaini usoni, na mimi ni mtu mwoga. Nikaketi, nikalisugua goti. Nilisugua juu, chini na pembeni, kama ninavyowasugua wanangu, na bibi akafumba macho akaanza kunieleza habari za ujana wake Kipini, nani alimposa na nani alikataliwa. Tulicheka sana sisi wawili. Mvua ilikwisha na bado nasugua.

Waliniletea wali na kambare wa kukaanga, wakakataa malipo. Dhamiri ikanishinda, nikarudi nikamnong'oneza bibi, "Mama, nisamehe. Mimi ni fundi cherehani."

"Najua," akasema. "Muuguzi hawezi kusugua muda wote huo."

Tarasaa

Nililala Garsen. Niliposhuka kwenye boda Tarasaa kesho yake, Zawadi, mke wa Buya, alinipokea kwa kilio na kicheko pamoja hadi sikujua nimjibu kipi. Mizigo ilikuwa imefungwa tayari ukumbini, masufuria ndani ya magunia. Nikamuuliza Buya yuko wapi. Akasema yuko kule juu, anawangoja wafariji.

Alinieleza, na nikaomba anieleze tena. Mto ulipohama, ukoo ulimpa Buya kipande cha ardhi palipoinuka, mbali na maji. Alikikataa, kwa kuwa chote kilikuwa kimemezwa na mathenge, ule mti wa miiba anaoujua kila mkulima wa kwetu, ukikata tawi moja yanaota kumi. Alisema hana nguvu wala sababu ya kukisafisha. Kisha wafariji wakaanza kuja. Mchungaji alikuja kwanza, akaketi, akasafisha koo, akausema mstari wa Warumi. Buya akainuka, akamletea panga. "Mchungaji, maneno hayo ni mazito," akamwambia. "Njoo uyasemee shambani. Ung'oe shina moja, kisha nitakusikiliza."

Mchungaji hakuweza kukataa. Alirudi jioni na miiba mikononi, na kwa uchovu alisahau mstari. Baada yake wakaja wazee wenzake wa kanisa, mmoja mmoja, kila mmoja na mstari ule ule kana kwamba Biblia nzima ina ukurasa mmoja. Kila mmoja alipewa panga. Kwaya ya vijana ilikuja yote pamoja ikiimba, akawapa mapanga yote. Binamu yetu wa Ngao alikuja akiwa amesikia habari, akasema hana mstari, ametumwa salamu tu. Buya akamwambia salamu ni shoka.

"Amekasirika?" nikamuuliza Zawadi.

"Ningefurahi angekuwa amekasirika, wifi," akasema. "Hacheki, hagombi. Anawatazama tu wanavyofanya kazi, na jioni anarudi kunisaidia kufunga mizigo. Kesho ndiyo siku." Kisha akaongeza, "Amesikia unakuja, amekuwekea lile shina kubwa kuliko yote."

Shambani

Nilipanda kule juu. Sikuamini macho yangu. Ardhi ilikuwa wazi, nyekundu, imelala uchi kwenye jua, na mathenge yamerundikwa pembeni marefu kuliko nyumba. Katikati lilisalia shina moja tu, nene kama mapaja ya Bwana Jillo, na mdogo wangu amekaa karibu nalo juu ya kreti, jembe magotini.

"Dada," akasema. "Umefika. Haya, sema ulichotumwa."

"Sina," nikamwambia.

Alinitazama kama anayetafuta mtego umetegwa wapi. "Umetoka Hola, umevuka maji, kuja kuniambia huna?"

"Nilikuwa nacho. Kimenifia njiani."

Akanipa jembe hivyo hivyo. Nikalipokea. Nilianza kuchimba kuzunguka shina, yeye amekaa amekunja mikono. Nawaambia mathenge yana mizizi ya chuki. Nilichimba hadi kitambaa kikaanguka na sikukiokota. Nikasimama kupumzisha mgongo, na kwa kuwa pale ni juu, nikauona mto. Niliiona njia yake mpya, maji ya rangi ya chai, na katikati ya maji vichwa vya miembe ya baba vimetoka, vikavu, bila jani. Ule wa mwisho ndio tuliokuwa tukiufungia bembea ya Buya.

Sijui nini kilinipanda. Nilitupa jembe chini, nikaangalia juu na macho wazi.

"Bwana," nikasema, "mimi nataka unieleze. Nchi yote hii, tambarare hadi macho yanachoka, ungeweza kupitisha mto popote. Ukachagua hapa. Huyu kijana amekufungulia kanisa kila Jumapili tangu ndevu hazijamwota. Mvua ikinyesha anaweka ndoo chini ya bati lako linalovuja kabla ya kuweka ndoo kwake. Hakukuomba utajiri. Alikuomba migomba. Ungekuwa jirani yetu, tungekwisha kukupeleka kwa chifu. Paulo anasema mambo yote. Yote! Basi nionyeshe na hili, maana mimi silioni, na nimechoka kutumwa kukutetea."

"Dada," akasema Buya. "Taratibu."

"Sitaki taratibu. Bwana, mama yetu amelala pale chini na mwanawe anakwenda kulinda geti la mtu. Hayo ndiyo makusudi? Kama ndiyo, ni mabaya, nakuambia mbele ya shahidi."

"Dada!" Alikuwa amesimama, ameshika kichwa, kama alivyokuwa akifanya utotoni nikimgombeza mtu mkubwa. "Usimseme hivyo. Kwani amekuambia amemaliza?"

Niliona maneno yakimrudia usoni, polepole, mtu akijisikia mwenyewe. Alitazama mto. Akatazama ile ardhi nyekundu iliyosafishwa, yote, hadi pembeni. Kisha akaokota jembe nililolitupa, akaanza kulipiga shina kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, huku analia kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia tangu mto uhame. Nilikaa juu ya kreti yake nikalia pia. Msije mkasema nilimtega. Nilikuwa nimekasirika kweli, na hadi leo sijapoa vizuri.

Shina lilitoka jua likiwa linazama. Tuliliviringisha hadi kwenye rundo, sisi wawili. Tuliporudi nyumbani alimwambia Zawadi atoe masufuria maguniani, kisha akapiga simu Malindi, akawaambia watafute mlinzi mwingine, yeye ana shamba la kupanda na ana ugomvi wa kuendeleza.

Nikamuuliza ugomvi gani, na nani.

"Na yule uliyemsemesha leo," akasema. "Au ulidhani nitakuacha ugombane naye peke yako?"